Mvumo wa Saa Kumi

Mimi ni dobi. Nina duka la kufulia la milango miwili, mashine tatu na pasi nne, na kwa miaka ishirini na sita nimeishi kwa kuondoa madoa ya watu. Nalisema hili mapema ili mnielewe huko mbele. Mtu wa kazi yangu akiona doa, mkono unamwasha, hata kama doa lenyewe si lake wala hajaombwa kulitoa.

Kaka yangu alikuwa posta, chumba cha nyuma, akipanga barua kwenye vishubaka. Mwisho wa wiki alipiga gitaa kwenye harusi za watu, na wifi yangu, mkewe, aliimba. Hawakuwa na jina kubwa. Walikuwa wakikodiwa na watu waliotaka bendi kubwa wakaikosa, na wenyewe walilijua hilo na kulicheka. Wifi alifariki miaka minne iliyopita. Watoto hawakujaaliwa. Kaka akabaki na vyumba viwili, gitaa ukutani na amplifaya yake ya tangu ujana.

Amplifaya yenyewe ukiiona hutaitazama mara mbili. Ni sanduku la mbao la kadiri ya begi la mwanafunzi wa bweni, limevikwa kitambaa kilichokuwa cheupe kikawa rangi ya chai ya maziwa. Ina vifundo viwili vya kuzungusha. Kimoja cha kuongeza sauti, kingine hata kaka hajui kazi yake. Ndani kuna balbu tatu za kioo na spika moja ya karatasi. Ilitengenezwa iwe rahisi, kwa ajili ya wanaojifunza, ili mtu akishajua akanunue ya maana. Kaka alijua, na ya maana hakununua.

Ukiiwasha, mwanzo haisemi kitu. Balbu lazima zipate moto kwanza. Zinaanza kuwa nyekundu taratibu, chumba kinanukia vumbi lililopashwa, halafu ndipo sauti inakuja. Ukiizidisha inakwaruza kama koo la mtu aliyeshinda mpirani akishangilia. Vijana wa bendi za siku hizi wamekuja mara kadhaa kutaka kuinunua. Wanasema mashine mpya hazina sauti hiyo, kwamba hizo mpya kila kitu zinakitoa kama kilivyo, na hii inakipa huruma kidogo. Kaka huwapa chai, huwapigia wimbo mmoja, kisha huwasindikiza hadi mlangoni mikono mitupu.

Na ilikuwa ikivuma. Tangu balbu zinapopata moto hadi inapozimwa, mmmmm, bila kupumzika. Mimi mvumo ule ulikuwa unanikera kuliko nzi.

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi nilifika kwake na ndoo. Nafagia, napiga deki, nafuta madirisha, nakunja nguo zake na kuziweka juu ya kiti cha pili. Mbele ya amplifaya kuna viti viwili vya mbao, na hicho cha pili nilishakihesabu kuwa ni kabati. Saa nne na nusu nimemaliza, nyumba inang'aa, namuaga. Kaka alikuwa akisema asante kwa sauti ile ile kila mara, nami nilirudi dukani nikijiona dada wa kuigwa.

Siku moja, katikati ya wiki, nilipita kwake saa kumi jioni kumpelekea shuka. Nikamkuta amekaa mbele ya amplifaya, imewashwa, na gitaa liko ukutani. Mikono ameiweka magotini. Anasikiliza mvumo. Nikamuuliza kama anamsubiri mtu. Akasema hapana, amekaa tu, saa kumi huwa anakaa. Nilitoka pale nimenywea. Nilijisemea kaka yangu anapotea taratibu, na hakuna anayeona ila mimi.

Baadaye akapata mtoto wa jicho, akapasuliwa, na daktari akataka mtu wa kumwangalia. Nikamchukua kwangu siku tano. Funguo zake ninazo. Siku ya pili wazo likanijia, na nilifurahi nalo kama nimeokota kitu njiani: nimtengenezee ile amplifaya, akirudi aikute kama mpya. Nikaipakia kwenye teksi nikaipeleka kwa fundi wa redio, mzee mmoja tunayemwita Fundi Miwani.

Fundi aliifungua akanionyesha vidude vilivyovimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Akasema hizo ni kapasita, kazi yake kuchuja umeme, na hizi zimekauka, ndiyo maana mashine inavuma. Nikamwambia aziondoe zote. Akaweka mpya, akasafisha, na kwa desturi yake akabandika ndani karatasi yenye jina lake na tarehe. Tulipoiwasha ilinyamaza kama shuka iliyotoka kwenye pasi. Nilimsifu fundi hadi akaona haya.

Siku ya tano nikamrudisha kaka nyumbani, jicho moja limefungwa bandeji. Saa kumi ikafika. Akakaa kwenye kiti chake, akabonyeza swichi, nami nikasimama nyuma yake na tabasamu nimeliandaa. Akasubiri. Akaendelea kusubiri. Akainama akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Kisha akaweka kiganja juu ya sanduku, akakuta lina joto.

"Imekufa," akasema.

Nikamwambia haijafa, imepona, achukue gitaa asikie. Akalitoa ukutani, akagusa waya, sauti ikatoka safi kabisa. Akakaza kishikio cha uzi, akasikiliza sanduku. Akalegeza, akasikiliza tena. Alifanya hivyo kwa nyuzi zote sita, kila mara akigeukia lile sanduku kama mtu anayemuuliza jirani jambo na jirani hajibu. Mwisho akalirudisha gitaa ukutani.

Ndipo akanieleza jambo ambalo miaka yote ya uwifi wetu sikuwahi kulijua. Wao hawakuwa na kinanda wala kifaa chochote cha kulinganisha sauti. Walikuwa wanalinganisha gitaa kwa ule mvumo. Waya mmoja unakaa sawa nao, mingine inafuata, na wifi naye anachukua sauti yake ya kwanza hapo hapo. Ndiyo maana wanamuziki wengine harusini walilalamika kwamba gitaa la kaka halipatani na la mtu yeyote. Lilipatana na sanduku, na sanduku lilipatana na mke wake, na wao wawili hawakuona haja ya kupatana na wengine.

"Alikuwa anavuta pumzi kwanza," kaka akasema. "Unasikia mvumo peke yake, halafu yeye anaingia. Sasa haingii. Lakini ile nafasi ya kabla hajaingia, nilikuwa bado ninayo."

Nikakasirika. Ndivyo nilivyo, nikikosea nakasirika kwanza, aibu inakuja baadaye kwa miguu. Nilimwambia mbona hakusema siku zote. Nilimwambia mimi ni damu yake, nafika hapa kila Jumamosi miaka minne, mvua na jua, na yeye ameona bora kukaa na kelele za umeme kuliko kunifungulia moyo mimi dada yake.

Hakupandisha sauti. "Huji kukaa, mdogo wangu," akasema. "Unakuja kunisafisha."

Nilichukua mkoba nikatoka. Njiani nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipokaa ndani ya nyumba ile. Nikarudi nyuma Jumamosi hadi Jumamosi nikafika hadi siku za msiba wa wifi, na hata hapo nilijikuta uani, ninaosha sahani. Iliniuma.

Jumatatu nilikwenda kumwomba amplifaya. Akanipa bila kuniuliza, kama mtu anayetoa taka. Nikaipeleka kwa Fundi Miwani nikamwambia arudishe mvumo.

Fundi alinitazama juu ya miwani yake, kisha chini yake. Akasema miaka yote ya ufundi wake watu wamekuja kuondolewa ugonjwa, hajawahi kuletewa mzima aambukizwe. Kapasita za zamani alikuwa bado nazo kwenye kopo, lakini akakataa katakata kuzirudisha, maana zimeoza, siku moja zitaunguza nyumba na mtu ndani. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikamsimulia yote, hadi neno la mwisho aliloniambia kaka. Akavua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

Akanieleza basi kwamba mvumo hautoki kwenye kapasita. Umo kwenye umeme wenyewe, kwenye kila waya wa kila nyumba, na sauti yake ni ile ile siku zote. Kapasita nzuri inauzuia usipite, basi. Kwa hiyo akiweka mpya iliyo ndogo kuliko inavyotakiwa, mvumo utapenya, ule ule wa zamani, na nyumba haitaungua.

"Hiyo ni kazi mbovu, mama," akasema. "Na nitaifanya vizuri."

Alipomaliza akabandua ile karatasi yenye jina lake, akanisihi nisimwambie mtu kwamba ni yeye. Nimetimiza, mnaona hata mtaa wake sikuutaja.

Jumamosi ile sikwenda asubuhi. Nilifika saa kumi kasoro robo, nikiwa na amplifaya na bila ndoo, mikono yangu haijui ikae wapi. Bandeji ilikuwa imetolewa. Dirisha lilikuwa na vumbi la wiki nzima, nikaliona, nikaliacha, na msidhani ilikuwa rahisi. Nguo zake alikuwa amezikunja mwenyewe, vibaya, akaziweka kitandani. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Nikasimama karibu nacho. Nikamuuliza kama si cha wifi.

"Ni kiti," kaka akasema. "Kaa."

Nikakaa. Akabonyeza swichi. Tukasubiri balbu zipate moto, na sikuwa nimewahi kuona muda huo ulivyo mrefu mtu akiwa hana cha kufuta. Harufu ya vumbi ikaja kwanza. Halafu mmmmm. Kaka alifumba macho yote mawili, la zamani na jipya, akakaa hivyo. Sikuthubutu kumuuliza kama ndio wenyewe. Alipoinuka kulitoa gitaa ukutani nikajua.

Akalilinganisha nyuzi zote sita. Akaanza wimbo waliokuwa wakiwafungulia nao maharusi, ninaujua, ukoo mzima unaujua. Alipiga utangulizi, kisha akasimamisha mkono. Nikadhani amesahau. Mvumo ukasikika peke yake kwa muda wa pumzi moja, ndipo akaendelea, taratibu, akipiga kama anayempisha mtu mbele yake. Ubeti ulipokwisha akasimama tena, akampa nafasi tena.

Mimi sina sauti. Shuleni mwalimu wa kwaya aliniambia niwe nafungua mdomo tu. Kwa hiyo nilikaa kimya nikitazama mkono wa kaka, mahali alipongoja nami nikangoja, na hakuna aliyeingia. Ubeti wa tatu, mkono uliposimama na mvumo ukabaki peke yake, nilijikuta nimevuta pumzi.

Kaka aliisikia. Aligeuza uso kidogo kwenye kiti cha pili, akaniona ni mimi, akaendelea kupiga.