Chetezo Kilichosuguliwa

Asubuhi ile niliamka Kihonda, mjini, nikakunja shuka na suruali mbili, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake. Akaniuliza nahamia wapi. Nikamwambia nitajulia stendi. Nilikuwa nimeshakaa ndani ya gari ndipo nikamsikia kondakta akiita abiria wa Matombo.

Ndani ya shuka nilikuwa nimeviringisha chetezo cha marehemu mama. Ni cha shaba, kifuniko chake kama kuba la msikiti, kimetobolewa nyota na matawi yanayosokotana hata usione yanakoanzia. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha. Fundi mmoja wa sufuria aliwahi kukigeuzageuza akaniambia, "Tazama, nyota hii nene, hii nyembamba. Huu ni msumeno wa mkono, si mashine." Ukingoni mna maandishi ya Kiarabu, ila madrasa nayo nilitoroka mapema. Nimehama nacho vyumba saba bila kukitia moto hata siku moja. Kwetu ubani hufukiziwa wageni, na mimi mgeni sikuwa naye.

Matombo tulifika mvua ikishuka mlimani. Muuza ndizi akanielekeza kwa mama mmoja mjane mwenye chumba cha kupangisha. Nilimkuta barazani akifunga mdalasini mafungu mafungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nikalikung'uta shuka lililolowa. Chetezo kikaanguka, kifuniko kikabiringika hadi miguuni pake. Uso ukambadilika.

"Kumbe mganga!"

"Hapana, mama..."

"Alikuja mwenzio na chetezo hivihivi. Kala kuku weusi wa mtaa mzima. Majini hatukuyaona, na kuku hatukuwaona tena. Chumba hakuna."

Gari la mwisho la kurudi mjini lilikuwa limeshaondoka, na huko mjini ufunguo nilikuwa nimesharudisha. Nikabaki nimesimama, maji yananichuruzika shingoni.

"Kilikuwa cha mama yangu," nikasema. "Alikuwa akifukizia kanzu ya baba."

Yule mjane aliinama. Aliokota kifuniko, akakisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole ukingoni.

"Hapa pameandikwa bismillahi. Mbele pamefutika. Nani kasugua namna hii?"

"Yeye. Kwa jivu na ndimu, kila Ramadhani ikikaribia. Akisugua hadi mikono inamwasha."

"Basi huenda kamfuta na fundi aliyeandika jina lake." Akacheka peke yake. "Cha mganga hakisuguliwi. Huwa cheusi ti, masizi matupu, ndiyo watu waogope. Haya, ingia. Lakini chumba hakijafunguliwa tangu nitoke eda. Kifukize kwanza."

Akaniletea chumbani makaa kwa koleo, na punje za ubani kiganjani, kisha akarudi kwenye mdalasini wake.

Nikafunika. Moshi ulitoka kila nyota na uzi wake, nyuzi nyembamba na nene, zikapanda kidogo ndipo zikaungana. Miaka yote nilidhani matundu yale ni pambo tu. Nikageuka kumwonyesha mtu. Palikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja, na ukuta wenye alama ya mahali picha ilipokuwa imetundikwa. Nikatandika shuka langu bichi, nikakaa, nikautazama moshi hadi makaa yakazima.