Tembe Lisiloanikwa Kitu

Shule niliiacha mapema, ila leo mtu akiuliza mjini hapa wapi atapata nondo, mabati na fundi wa kuaminika, ataelekezwa kwangu. Sijisifu, nasema kilichopo. Ndiyo maana nilishangaa shangazi yangu aliponiambia anarudi kijijini, upande wa Chemba. Shangazi ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nilimjengea nyumba yake uani kwangu Makole: vigae chini, bomba ndani, bati la bluu juu. Mvua za kwanza zilipodondoka tu, akafunga nguo zake kwenye kitenge.

"Kule utaumwa peke yako, shangazi."

"Na hapa je? Naumwa kukaa."

Nikaona nimpeleke makumbusho ya mji. Nilitaka aone dhiki tuliyotokea, moyo wake utulie kwangu.

Kumbe aliyeshikwa ni mimi. Kulikuwa na chemli ya kioo kilichofungwa waya, sawasawa na ile niliyoisomea usiku, moshi ukinijaa puani. Kulikuwa na mizani ya sokoni, redio ya mbao, na baiskeli yenye madumu ya maji. Baiskeli kama ile niliisukuma mimi, mlango kwa mlango, na hapo ndipo mtaji wangu ulipoanzia. Nikamweleza binti aliyekuwa akitutembeza, kwa sauti, wageni wengine nao wasikie.

"Mwambie na ulivyoanguka nayo," shangazi akasema.

Nyuma, uwanjani, walikuwa wamejenga tembe, nyumba ya jadi ya kwetu. Shangazi akainama, akaingia kama anaingia kwake. Mimi paji la uso likagonga boriti ya mlango. Alipotoka akarudi nyuma kidogo, akatazama juu.

"Wenyewe wamehama?"

"Hapana bibi," binti akamjibu. "Ni la maonyesho. Hajawahi kukaa mtu."

"Nimeona. Juu hakuna kitu."

Binti hakuelewa. Mimi nilielewa. Paa la tembe ni tambarare, la udongo, na kwetu ndipo mwanamke anapoanika mlenda wa masika ili uliwe kiangazi. Mpita njia huangalia juu kwanza. Akiona majani, vipande vya boga, mawele, anajua humo mna mama na mama ana nguvu. Utotoni kazi yangu ilikuwa kukaa juu pale nikifukuza kuku na mbuzi. Udongo ulikuwa wa moto mapajani, na chini yangu nasikia jiwe la kusagia likienda na kurudi. Likinyamaza kidogo naita, "Shangazi?" naye anaitika, "Nipo." Nyumba zote nilizojenga, hakuna ninayoisikia hivyo.

Tukiwa tunarudi ndipo aliponiambia.

"Bati lako zuri, mwanangu. Ila linateleza. Mlenda umeota hadi kwenye ukuta wako, nami nauangalia tu. Nikianika kwenye vigae, mkeo anakuja na deki."

Kesho yake nikawaita mafundi wangu. Wakacheka.

"Bosi, tembe Makole? Watu watasema umefilisika."

"Waseme. Chimbeni mashimo ya nguzo."

Hakuna aliyejua kujenga tembe. Wote wamejifunzia kazi kwenye tofali na bati. Nikavua shati nikawaonyesha mwenyewe: boriti, fito, nyasi, kisha udongo wa kichuguu ukandwe vizuri. Kimo nilikipima kwa bega la shangazi, aweze kufika juu bila ngazi. Alikaa kwenye kigoda, kitenge chenye nguo kando yake, hajakifungua. Tulipomaliza akalizunguka.

"Limepinda huku," akasema. Kisha akaingia kwenye nyumba yake ya bati, akarudi na ungo umejaa majani ya mlenda.

Siku hizi nikiamka, kabla ya chai, nafungua dirisha la ghorofani natazama lile paa. Leo kuna mlenda, na boga lililokatwa vipande. Kuku wa jirani alikuwa amepanda. Nikamfukuza.