Makofi kwa Daktari Asiyelala

Juma lililopita nilimpelekea mpwa wangu aliyejifungua uji katika hospitali moja ya Kasongo, nikakuta mkubwa mmoja wa afya anahutubia wodi ya vichanga.

"Muone dokta wenu," alisema, mkono kifuani. "Tangu juzi hajafunga jicho! Huyu ndiye mwana wa Maniema. Mumupigie makofi!"

Tukapiga. Daktari mwenyewe, aliyebaki peke yake kwa wodi nzima, hata hakugeuka. Alikuwa amemwinamia kichanga mmoja, sindano mkononi, macho wazi kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Bibi wa mtoto akamshika kiganja polepole.

"Dokta, mwanangu, ngoja. Huyu ulishamuchoma sasa hivi. Ni yule wa pembeni ndiye bado."

Daktari akaitazama sindano, akamtazama mtoto, kisha akaketi sakafuni.

"Munaona moyo wake?" alisema mkubwa. "Makofi tena!"

Safari hii alipiga peke yake.

Mkubwa alipotoka, nilimfuata hadi nje. Motard wa kumpeleka Kabambare alikuwa tayari juu ya pikipiki, akapiga mwayo.

"Ulilala?" mkubwa akauliza.

"Kidogo tu, shefu."

"Kidogo? Shuka! Unataka kuniua? Mimi niko na watoto!"

Akatafutiwa motard mwingine, aliyelala vizuri. Mimi nikarudi wodini haraka kumsihi yule bibi asisinzie.