Springi za Mama Mkwe

Wekulo wa mtaa wa Mowlem alikuwa na pikipiki kuukuu ya rangi ya damu ya mzee, ambayo zamani ilikuwa ya tarishi wa kiwanda cha sabuni alikofanya kazi. Injini yake haikuwa na neno. Taabu ilikuwa nyuma. Zile shoki mbili, vyuma vinavyobeba kiti na kumeza mashimo ya barabara, springi zake zilikuwa zimelala kama mgonjwa. Ukipita juu ya tuta, gurudumu linapiga madigadi, nguu! na aliyekaa nyuma anajua ana mifupa mingapi.

Aliyekaa nyuma siku zote alikuwa mkewe, Khalayi.

"Baba Nafuna, mgongo wangu," Khalayi alikuwa akisema kila wakirudi kanisani.

"Barabara ndiyo mbaya, mama," Wekulo anamjibu, na maneno yanaishia hapo.

Na barabara kweli ilikuwa mbaya. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mvua za El Nino zimegeuza mitaa kuwa uji.

Basi mtoto wao wa kwanza, Nafuna, walikuwa wamempa jina la bibi yake, mama yake Khalayi, na bibi mwenyewe akatoka Kimilili kuja kumwona wajina wake akibatizwa. Hakulala kwa Wekulo, la. Kwa Wabukusu mama mkwe halali nyumba ya mkwewe, hampi mkono, wala macho hayakutani. Akipita huku, wewe pita kule. Ndiyo heshima. Akashukia mtaa wa Tena, kwa mpwa wake Triza. Na huko Tena goti likamvimba. Ijumaa habari ikafika Mowlem kwamba bibi hawezi kukanyaga tope, na matatu zimekataa kuingia njia ile. Pasipopatikana namna, mtoto atabatizwa mwenye jina hayupo.

Jambo hilo lilimchoma Wekulo. Kimilili watasemaje? Kwamba mkwe ana chombo cha moto mlangoni, na bibi wa watu akakosa ubatizo wa jina lake mwenyewe?

"Nitamleta mimi," akasema. "Lakini si kwa springi hizi. Mama yako hawezi kurushwarushwa."

Khalayi akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea kukata sukuma wiki.

Jumamosi asubuhi Wekulo akaenda Kariobangi, akarudi na springi za pikipiki kubwa zaidi, nene kama kidole gumba. Akamwita jirani yake Kinyanjui, seremala mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye ujanani aliwahi kupeleka mikate madukani kwa pikipiki na hakuacha watu wasahau.

"Kwanza niambie," Kinyanjui akasema, akizigeuza springi mkononi. "Huyu mama ana uzito gani? Springi ni kama kitanda. Lazima ujue nani analala."

"Sijui."

"Hujui! Si ni mama mkwe wako?"

"Ndiyo sababu sijui. Nimtazame ili iweje? Siku ya mahari niliona viatu tu."

"Na viatu vilikuwa vikubwa?"

"Kinyanjui!"

"Ni kama mimi," Khalayi akasema kutoka mlangoni, "halafu uongeze debe la mahindi." Akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Wekulo akadhani anakohoa.

Wakaisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, wakafungua shoki moja, wakaacha nyingine ishikilie gurudumu. Kinyanjui alikuwa amekuja na jiliwa zake mbili, zile za kubania mbao zenye gundi. Wakaibana springi ya zamani mpaka ikajikunja, na Wekulo akachomoa vile vipande viwili vya chuma, kila kimoja kama mwezi mchanga, vinavyoizuia isiruke. Ikatoka kwa upole, kama mzee anayeshuka ngazi.

Ile mpya haikuwa mzee. Walikuwa wameibana karibu kabisa, Wekulo ameshika kimwezi cha kwanza, Kinyanjui akapiga chafya. Springi ikaruka, ikapita juu ya kamba ya nguo, ikatua katika karai la jirani yao Wacuka aliyekuwa akifua.

"Nyinyi wanaume!" Wacuka akafoka, povu likimtiririka kidevuni. "Ni nini hii mmenitupia kwa nepi?"

"Ni ya mama mkwe," Wekulo akajibu kwa unyenyekevu.

"Basi mwambieni aje aichukue mwenyewe!"

Wakaomba radhi, wakaanza upya. Mara hii Kinyanjui alifunga pua kwa kitambaa kama mwizi. Walipomaliza na shoki ya pili, wakakaza nati ya mwisho, Khalayi akapanda nyuma, debe la mahindi mapajani, Wekulo akavuka mtaro wa plotini kwa kasi. Hapakuwa na nguu. Walishuka ng'ambo kama waliotua juu ya godoro.

"Iko sawa?"

"Iko sawa sana," Khalayi akasema taratibu, na hakushuka haraka.

Jumapili Wekulo akaenda Tena, na Kinyanjui akamfuata kwa baiskeli asije akapitwa na sifa. Mama mkwe akatoka kwa Triza akichechemea, kilemba kipya kichwani. Wekulo akageuza uso ukutani, akafuta kiti kwa mkono wa koti, akapanda, akawasha.

"Triza," mama akasema, "muulize mkwe wangu. Mimi nitakaa wapi?"

"Anauliza atakaa wapi."

"Mwambie hapa nyuma yangu," Wekulo akauambia ukuta.

"Anasema nyuma yake."

"Ahaa. Na nitashika nini?"

"Anauliza atashika nini."

Wekulo akafungua mdomo aseme kiuno, na neno likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Injini ikanguruma peke yake. Siku mbili alikuwa amewaza springi, springi, springi. Akashuka polepole, kama mtu aliyekalia yai. Kinyanjui alikuwa ameinamia usukani wa baiskeli, anacheka mpaka machozi.

"Wacha kucheka, ndugu yangu," Wekulo akamwambia. " Maji ya ubatizo hayatungoji. Wewe kwa watu hawa si mkwe wa mtu yeyote, sivyo?"

"Mimi? Mkwe wa Nyeri peke yake!"

"Basi panda. Na usipige chafya."

Hivyo ndivyo Kinyanjui alivyomleta bibi, na mwenye pikipiki akafuata kwa baiskeli, akila tope lote lililorushwa na gurudumu la pikipiki yake mwenyewe. Hakulalamika. Macho yake yalikuwa kwenye shoki, na hayakuthubutu kupanda juu zaidi. Kila shimo springi zilijikunja, zikajikunjua, kama mtu anayeitikia salamu.

Walifika kanisani kasisi akinyanyua jagi la maji. Mama akashuka, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Kijana, mwambie mwenye chombo hiki, goti langu halikujua kama tumetoka Tena."

Kinyanjui akamgeukia Wekulo, aliyesimama pale pale, tope hadi kwenye nyusi. "Anasema..."

"Nimesikia."

"Hujasikia, sijakwambia bado."

Baada ya ibada, mtoto amelala kifuani kwa bibi yake, Wekulo akamvuta mkewe kando.

"Ulijua kwamba hawezi kukaa nyuma yangu?"

"Tangu Ijumaa."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema, ungeziweka hizo springi?" Khalayi akakung'uta tope kwenye kiti, akaketi upande upande, akatandaza leso yake vizuri. "Mgongo wangu umekuomba tangu tuoane. Goti la mama yangu limeomba mara moja. Haya, Baba Nafuna, washa. Unipitishe kwa mashimo yote."