Barua ya Heshima kwenye Karatasi ya Kura

Ijumaa moja baada ya sala, shemeji yangu alikuja chumbani kwangu, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, na bahasha nene mkononi. Alitaka nimtazamie Kiingereza chake kabla hajaifunga. Alikuwa fundi wa kreni, mtu wa Mombasa aliyezunguka na meli ujanani mpaka akateremka Marekani, akamwoa mdogo wangu wa kike, akapata na uraia. Mafuta yalipopanda bei na Riyadh nzima ikawa mashimo na nondo, kampuni ilimleta kwa mkataba, ikawa kafili wake, mdhamini anayeshika ikama, yaani kibali chake cha kuishi. Mdogo wangu alibaki kule na watoto wawili, katika nyumba ya mashambani, mbali na mji.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya kura, ya kwanza maishani mwake. Kaunti yao ilikuwa inachagua sherifu, na wapiga kura walio mbali hutumiwa karatasi kwa posta. Majina yalikuwa mawili. Shemeji alikuwa ametia alama kwa yule aliyekuwa madarakani. Kisha, kwenye nafasi nyeupe chini yake, akaandika kwa wino na kwa mwandiko mzuri sana: “Kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa Sherifu, nakuomba askari wako wapite njia yetu, kwani mke wangu yu peke yake.” Akamalizia kwa jina lake kamili na anwani.

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Nilijua kisa chenyewe. Miezi miwili nyuma, mchana kweupe, mtu alivunja mlango wa jikoni mdogo wangu akiwa nyuma anaanika nguo. Mdogo wangu alipiga simu kwa sherifu, askari wakafika kesho yake. Mgombea wa pili alikuwa ameahidi doria katika zile njia za mbali.

“Sasa mbona umempa kura huyu huyu aliyelala?” nikamuuliza.

“Wee shemeji, soma hapa.” Akanionyesha bahasha ya nje. “Wanataka saini yangu. Nimpinge mkuu wa polisi kwa saini yangu mwenyewe, na mke wangu yuko mikononi mwake? Afadhali nimsalimie vizuri.”

Kwa malezi yetu, hilo halikuwa jambo la kijinga. Tumekua tukijua kuwa mkubwa wa serikali huletwa kutoka juu, na ukiwa na shida unamwandikia barua ya adabu na kungoja. Nikatoa karatasi ya maelekezo iliyokuja na kura, tukaisoma mstari kwa mstari, nami nikimfasiria.

Nilimweleza kwamba sherifu ni mkuu wa polisi wa kaunti. Hulinda vijiji na barabara za nje ya mji, husimamia jela, hupeleka hati za mahakama. Lakini haletwi na mtu. Wakazi humwajiri kwa kura kwa miaka kadhaa, na muda ukiisha lazima arudi kuomba tena.

“Polisi anaomba kura?”

“Anaomba. Anapita nyumba hata nyumba akitabasamu.”

“Basi mimi ndiye kafili wake!”

“Wewe na jirani zako wote. Usianze kumnyang’anya ikama.”

Hapo akacheka. Nikamwonyesha kwamba bahasha ni mbili. Ya ndani haina jina. Kura hukaa humo. Ya nje ndiyo yenye saini, na anayeifungua ni karani wa uchaguzi, si sherifu. Karani hulinganisha saini na ile aliyoweka mpiga kura alipojiandikisha, kisha ile ya ndani huchanganywa na nyingine. Baada ya hapo hakuna awezaye kujua nani alimchagua nani. Ila jina likiandikwa kwenye kura yenyewe, siri imekwisha, na kura inaweza kutupwa.

Alitazama mwandiko wake.

“Kwa hiyo nimeiharibu.”

“Umeiharibu. Lakini soma mstari wa mwisho.” Pale paliandikwa kwamba aliyeharibu karatasi airudishe, atapewa nyingine.

Muda ulikuwa mfupi. Tukampa ile bahasha Mmarekani mmoja wa ofisini kwangu, mtaa wa Al-Sulimaniyah, aliyekuwa anakwenda kwao likizo, aitie posta kule. Kila siku shemeji alipita kuuliza kama sanduku la barua la kampuni limefunguliwa. “Mafi, hamna,” nilimjibu siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, karatasi mpya ikaja.

Safari hii kaunti ilitaka ale kiapo mbele ya ofisa wa ubalozi wa Marekani, na ubalozi huo ulikuwa bado Jeddah. Kafili wake akampa barua ya ruhusa ya kusafiri, bosi wangu akanituma huko huko kufuatilia mizigo bandarini, tukaenda pamoja. Nje ya bandari meli zilikuwa zimepanga foleni mpaka macho yanachoka, zimejaa saruji. Shemeji hakuzitazama. Alikuwa akipapasa mfuko wa shati.

Ofisa alihakikisha kwamba karatasi ni tupu, akamwapisha. Kisha akageuza kiti, akatupa mgongo, akawa anatazama ukutani. Shemeji akaniangalia.

“Mbona ananigeuzia mgongo? Nimemkosea?”

“Haruhusiwi kuona. Nami nageuka.”

Nilisikia kalamu ikikwaruza mara moja tu, kisha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia la mchele.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua ya mdogo wangu. Nilimsomea shemeji kwa sauti. Sherifu wa zamani alikuwa ameshinda tena, kwa tofauti ya kura chache. Shemeji akaweka kikombe chini, uso umemshuka.

“Endelea,” akasema.

Nikaendelea. Kura zile chache zilimtisha yule bwana, na sasa gari la askari lilikuwa likipita njia yao kila siku. Juzi lilikuwa limesimama langoni, na sherifu mwenyewe akashuka kuukagua mlango wa jikoni. Akamwuliza mdogo wangu mumewe yu wapi, akajibiwa yuko Uarabuni kazini. “Msalimie,” akasema, akaenda zake.

“Akasema nini tena?”

“Basi. Msalimie.”

“Hajui!” Shemeji akapiga goti kwa kiganja. “Wallahi, hajui nilimpa nani! Nisomee tena hapo pa gari.”

Nikamsomea tena.