Nyama Iliyoungua Mezani kwa Wakorea

Mimi, mchoma nyama mstaafu, nilikaa mbele ya nyama inayoungua nikaitazama kwa adabu zote, nisiiguse. Ujinga huo niliufanya mbele ya mabosi wa mke wangu. Ninyi vijana mnaoingia kazi ya jiko, ngojeni niwaeleze ulikotoka.

Kazi niliianzia Benaco, malori ya kwenda Rwanda yanapolala, nikiwa nimetoka kidato cha nne na cheti kisichomtisha mtu. Bosi wangu wa kwanza, Bwana Mwenye Banda, alikuwa Mswahili wa mjini ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo. Siku ya kwanza hakunipa kisu, alinipa makaa.

"Makaa yenye ndimi za moto yanaunguza, hayachomi," aliniambia. "Ngoja yavae majivu."

Nikajifunza kuyagawa: upande mmoja moto mkali, upande wa pili moto mpole, na ubavu unaanzia kwenye ule mpole, mfupa chini. Nilipokata kipande nionje, akanichapa mkono.

"Mchomaji anakula mwisho, bwana mdogo! Tumbo lako halijaajiriwa hapa."

Nyumbani nilikuwa nimelelewa vivyo hivyo. Kwetu Kanazi ukikaribishwa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, mwenyeji ndiye anayevuta mrija kwanza, ili mgeni aone kwamba haikutiwa kitu. Mgeni anayemtangulia mwenyeji ni mlafi, na anayegusa moto wa watu ni mlafi mara mbili.

Kutoka Benaco nilihamia Biharamulo mjini, chini ya Mama Meneja wa nyumba ya wageni, aliyetaka nyama laini hata kwa asiye na meno. Moshi uliponichosha macho nikastaafu, nikarudi Kanazi, na tangu hapo safari yangu ndefu ni kutoka kitini hadi bandani kwa mbuzi. Mtu wa kazi akawa mke wangu, Leokadia, msaidizi wa mpishi kwenye kambi ya Wakorea wajenzi wa barabara, kule Nyamigogo.

Mwaka jana kambi ilikuwa inahamia mkoa mwingine, na kati ya wasaidizi wote wa jikoni angechukuliwa mmoja tu. Kabla ya kuamua, Meneja wa Kambi aliwaalika wafanyakazi na wenzi wao chakula cha kufunga mwaka.

"Baba Devota, usiniaibishe," Leokadia alisema akinifunga kifungo cha shingoni. "Ile nafasi naitaka."

"Nitakaa kama mgeni," nikamwahidi.

Bwalo lilikuwa limepangwa kama migahawa ya kwao: kila meza na jiko dogo katikati, nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi, majani ya saladi ya kuifungia, na kabichi iliyochachishwa kwa pilipili, kazi ya mikono ya Leokadia. Tulikaa na Meneja pamoja na mkalimani wake, bwana mmoja wa Biharamulo.

Leokadia akaitandaza nyama. Ikalia, ikaiva. Hakuna aliyenyoosha mkono. Meneja akanitazama, akatabasamu. Nami nikatabasamu. Kingo zikaanza kuwa nyeusi. Mkono wangu uliwasha kuigeuza, nikaukalia.

"Mama Devota," nikanong'ona, "mbona mwenyeji haanzi?"

"Kula wewe! Wanakungoja. Kwao mwenye mvi ndiye anayeanza."

"Nimtangulie mwenye nyumba? Mimi?"

Meneja akauliza tunasema nini. Nikamgeukia mkalimani. "Mwambie kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu."

"Mzee, hilo nilitafsiri kweli?"

"Tafsiri, bwana."

Leokadia akaweka koleo mezani. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kipande cheusi kuliko vyote, akakitafuna polepole akinitazama, akameza, akanifunulia mdomo kama mtoto mbele ya nesi. Halafu, kwa mikono miwili, akaniwekea changu kwenye sahani. Nikala. Kilikuwa mkaa mtupu, na sijawahi kusifia nyama kama siku ile.

Tulipokuwa tunaaga, mkalimani akamnong'oneza Leokadia afungashe mizigo ya kuhama na kambi baada ya sikukuu. Tulipofika barabarani akapiga kigelegele peke yake.

Sasa yuko huko, msaidizi mkuu wa jiko, na anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. Kustaafu kumenifundisha kwamba ugali wa mtu mmoja haupimiki: leo unabaki, kesho hautoshi. Juzi jirani yetu Mama Gaudensia alipita kuomba moto, nikamweleza mkasa wote, mila yetu na mila yao, na jinsi nilivyokuwa natunza adabu tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kaa la moto likizimika kwenye kigae chake, kisha akasema:

"Baba Devota, ile sumu uliitaja makusudi. Ulitaka wamfukuze, arudi kukupikia."