Jicho la Fundi Cheche

Fundi Cheche alikwenda hospitali kuomba atolewe jicho. Si kutibiwa, jamani, kutolewa! Alishakata shauri, na mtu aliyekata shauri kwa maumivu humwambii kitu. Mkewe alimfuata nyuma amenuna, mkoba kwapani, akiapa kimoyomoyo kwamba yeye akiwa hai jambo hilo halitafanyika.

Kazi ya fundi huyu ilikuwa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, madawati ya shule. Jina la Cheche alipewa na wenzake wa karakana kwa sababu hakuwa na shati lisilo na matundu ya moto. Alikuwa mcheshi, hodari wa kutania wateja wabahili, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata kwenye kazi ngumu.

Ugonjwa wenyewe ulikuja kwa msimu. Wiki kadhaa ulimtesa, kisha ukaondoka kabisa, watu wakasema ashukuriwe Mungu, amepona. Mwaka uliofuata ukarudi. Kila siku baada ya chakula cha mchana, saa ileile, maumivu yalimshika nyuma ya jicho la kushoto kama chuma cha moto kinachosukumwa kwa ndani. Jicho hilo likawa jekundu, likatoa machozi, kope likalegea, na pua ya upande uleule ikachuruzika. Upande wa pili, salama salimini.

Mwenye kipandauso hutafuta giza akalala. Cheche hakuweza hata kukaa. Alijifungia, nyumbani chumbani, kazini stoo kwenye vipande vya vyuma, akawa anakwenda na kurudi, anajitikisa, anagonga paji la uso ukutani. Akitoka huko na jicho lile jekundu, wateja wanakonyezana: fundi ameshapiga moja. Masikini, pombe alikwishaiacha, maana msimu ukiingia hata funda moja lilimwamshia balaa.

Karakana nzima ilishatoa hukumu: ni mwanga wa kuchomelea. Kila fundi anaujua mwanga huo, ukiutazama mchana, usiku macho yanakuwa kama yamemwagiwa mchanga. Basi wakamtia matone, wakambandika vitambaa vya baridi. Mwingine akasema ni jino. Likang'olewa jino zima lisilo na kosa lolote, na maumivu yakabaki palepale. Msimu mmoja aliacha kuchomelea kabisa, akashinda nyumbani mikono mapajani. Maumivu hayakujali. Ndipo akasema, kama mwanga umeshaliua jicho, na litoke.

Daktari wa macho alilipima akasema jicho ni zima, akawapeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mpole asiye na haraka. Cheche akarudia ombi lake lilelile. Daktari hakubishana naye. Alimwomba amwonyeshe tu anavyofanya kazi.

Cheche akainuka. Akaeleza, kwa aibu kidogo, kwamba kwenye kushikiza vipande vidogo huwa havai kinga ya uso, uvivu tu. Akashika kalamu kama anachomelea, akafumba jicho la kushoto, akakodoa la kulia.

"Na linalouma ni lipi?" daktari akauliza.

Mkewe ndiye aliyeshtuka kwanza. "Si hilohilo analolifumba! Mwanga unalipataje?"

Mafundi wote wale, wanaofumba vilevile kila siku, hakuna aliyewaza hilo. Cheche alikuwa bado amesimama na kalamu yake pale maumivu yalipompiga. Alimwomba mkewe atoke nje. Mkewe hakutoka. Kwa mara ya kwanza akamwona mumewe anavyozunguka chumba, anavyojishika kichwa, anavyolia kwa sauti ambayo siku zote aliisikia kupitia mlango akadhani ni hasira.

Daktari alimkalisha, akamwinamisha mbele, akamfunga barakoa ya oksijeni, hewa ikifunguliwa kwa nguvu. Mkewe alimshika mabega asiinuke. Haikupita nusu saa, mabega yale yakalegea.

Daktari akawaeleza taratibu. Haya ni maumivu ya kichwa yanayokuja kwa makundi, jicho halina kosa. Kuyaondoa moja kwa moja hatuwezi. Kuna vidonge vya kila siku vya kuyapunguza msimu ukiingia, na kwa kuwa vinagusa mapigo ya moyo, moyo utapimwa kwanza. Kuna sindano ya kuyakata yakianza, na kuna hewa hii. Akamwonya asithubutu kuvuta mtungi wa oksijeni wa karakana, ule ni wa kukatia vyuma. Cheche akacheka kidogo, kwa maana wazo hilo lilikuwa limeshampitia.

"Miaka yote nilidhani unajifungia kwa sababu umenichoka," mkewe akasema.

"Nilikuwa naona aibu," Cheche akajibu. "Sikutaka unione hivi."

Daktari akamvua ile barakoa, akamuuliza kama bado anataka jicho litolewe. Cheche akaligusa kope lililolegea.

"Leo sitaki, daktari. Lakini yakirudi kesho nitataka tena. Siwezi kukudanganya."

Mkewe alitoa kitambaa mkobani, akamfuta machozi na makamasi polepole, kama anavyofutwa mtoto.

"Yakirudi kesho," alisema, "nitakuwepo."